Umerudisha gari la mkataba, kisha ikaja ankara ya uharibifu: namna ya kuipinga hatua kwa hatua

Ulikodi gari kwa mkataba wa miaka miwili, mitatu au minne. Ukalipa kila mwezi, muda ukaisha, ukakabidhi funguo. Wiki chache baadaye inaingia barua pepe: mkwaruzo mlango wa kushoto, rimu tatu zimeparuzika, boneti imebonyea, siti ina doa. Chini kabisa kuna jumla inayokaribia malipo ya miezi kadhaa, na tarehe ya mwisho ya kulipa.

Wengi hulipa huku wananung'unika, kwa kudhani kwamba kampuni ikishaandika imeandika. Lakini ankara hiyo ni madai tu, na anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Kila mstari wake lazima uvuke maswali matatu. Uharibifu huu upo kweli, na ulikuwepo siku nilipokabidhi gari? Kama upo, umezidi uchakavu wa kawaida kwa vipimo vya mkataba wangu? Kama umezidi, kiasi kilichoandikwa ni cha haki? Mstari ukikwama kwenye swali moja tu, unao msingi wa kuufuta au kuupunguza. Yaliyobaki ni ushahidi na mpangilio.

Kama gari bado liko kwako

Anza hapa, maana kazi kubwa ya kushinda hufanyika kabla ya ankara kuandikwa. Tafuta mkataba wako na kijitabu cha vigezo vya kurudisha gari. Kampuni nyingi zinacho, na mara nyingi kinapatikana kwenye tovuti yao. Uingereza kampuni nyingi hufuata mwongozo wa chama chao, BVRLA, unaotaja vipimo kwa milimita. Marekani sheria ya ukodishaji kwa walaji ya mwaka 1976, pamoja na kanuni zake, inataka kampuni inayoweka viwango vya uchakavu ivieleze kwenye mkataba, na viwango hivyo viwe vya busara. Popote ulipo, swali la kwanza ni hilohilo: mkataba wangu unasema nini hasa kuhusu uchakavu wa kawaida?

Ili upate picha ya vipimo vilivyo, mwongozo wa BVRLA huvumilia mikwaruzo midogo ya hadi milimita 25 ambayo haijafika kwenye rangi ya msingi wala bati, mibonyeo ya hadi milimita 15 isiyozidi miwili kwa kila kipande cha bodi ikiwa rangi haijapasuka, na mparuzo wa rimu wa hadi milimita 50. Mkataba wako unaweza kuwa na namba nyingine. Cha muhimu ni kwamba namba zipo, na mahali penye namba hapapaswi kuwa na neno la jumla kama "mlango umeharibika".

Lichunguze gari mwenyewe mapema. Mwongozo huohuo unashauri wiki 10 hadi 12 kabla ya kurudisha, na ni ushauri mzuri kwa mtu yeyote, kwa sababu unabaki na muda wa kulinganisha bei za mafundi. Lioshe kwanza, likauke kabisa, ulitazame mchana. Maji huficha mikwaruzo, na vumbi hufanya kila kitu kionekane kibaya kuliko kilivyo. Zunguka kipande kwa kipande ukiwa na rula: bampa la mbele, boneti, madirisha, milango, paa, buti, rimu, kashata za tairi, kisha ndani.

Hapo ndipo unapoamua kipi utengeneze na kipi uache. Mikwaruzo mingi inayoonekana ya kutisha huondoka kwa polishi tu: pitisha ukucha juu yake, na kama ukucha haukwami, kuna uwezekano mkubwa kwamba mkwaruzo umegusa safu ya juu ya rangi pekee. Mbonyeo ambao rangi yake haijapasuka unaweza kunyooshwa na fundi anayesukuma bati kutoka ndani kwa vyuma virefu, bila kupaka rangi kabisa, na kazi hiyo kwa kawaida ni nafuu kuliko kupaka kipande kizima. Usitengeneze kila kitu, hata hivyo. Kilicho ndani ya vipimo kiache, maana hakuna atakayekulipa kwa kurudisha gari zuri kuliko lilivyotakiwa. Na usimpe gari fundi wa kubahatisha. Rangi isiyolingana au yenye vumbi ndani inahesabiwa kuwa uharibifu mpya, na utalipa mara mbili.

Kama kuna uharibifu mkubwa uliotokana na ajali, soma bima yako kabla ya kurudisha gari. Makampuni ya bima huweka muda wa kutoa taarifa, na ukishakabidhi gari utapata shida kuleta madai ya ajali ya miezi iliyopita. Soma pia kama ulinunua kinga ya uchakavu wakati wa kusaini mkataba. Wapo wanaoilipia miaka yote kisha wanaisahau siku ya kurudisha.

Mwisho wa sehemu hii, hesabu vitu: funguo zote mbili, tairi la spea au kifaa cha kupulizia, jeki na spana zake, mazulia, kifuniko cha buti, kebo ya kuchajia kama gari ni la umeme, na kitabu au rekodi ya sevisi. Ufunguo wa pili ukikosekana utatozwa kwa bei kubwa, na sevisi iliyorukwa inaweza kutozwa kama hasara ya thamani. Tafuta risiti za sevisi sasa.

Siku ya makabidhiano

Piga picha siku hiyohiyo, gari likiwa safi na kavu, hata kama ulishapiga wiki iliyopita. Piga kila upande kutoka mbali, kisha kila kipande kwa karibu, kila rimu, kashata za kila tairi, kioo cha mbele, siti, dashibodi, na odomita ikiwa imewashwa. Penye alama yoyote weka rula au sarafu karibu nayo. Kisha rekodi video moja isiyokatwa ukilizunguka gari polepole. Nakala za awali zihifadhi bila kuzihariri, maana faili ya awali hubeba tarehe na saa. Ukizituma kwa programu za ujumbe mara nyingi taarifa hizo hupotea.

Jua pia mtu anayekuja ni nani. Mara nyingi anayechukua gari ni dereva tu, si mkaguzi. Ukaguzi hufanyika baadaye kwenye yadi yao, na kati ya hapo na pale gari limeendeshwa, limepakiwa kwenye lori au limeegeshwa na magari mengine mia. Kwa hiyo fomu ya makabidhiano ni ya thamani kubwa kwako: iandike hali ya gari, kilomita, mahali, tarehe na saa, na dereva asaini. Omba nakala papo hapo, au ipige picha.

Akikuletea kishikwambi ili usaini kwa kidole, soma kwanza unachosaini. Kama ni ripoti yenye uharibifu usiokubaliana nao, andika neno hilo karibu na saini yako: "Nimepokea, sikubali kipengele fulani." Kama mfumo hauruhusu kuandika, tuma barua pepe dakika hiyohiyo ukieleza. Kusema "kulikuwa na giza na nilikuwa na haraka" baada ya mwezi ni hoja dhaifu sana. Na ukiona mvua inanyesha au jua limezama, omba ripoti itaje hivyo.

Kama umepitwa na yote haya na gari limeshaondoka, bado una nafasi. Picha za zamani za likizo ambazo gari limeonekana kwa nyuma, video ya kamera ya dashibodi, picha za fundi aliyefanya sevisi ya mwisho, hata kamera ya maegesho ya jengo lako, vyote vinaweza kuonyesha kwamba mlango ule haukuwa na mkwaruzo.

Ankara imefika: usilipe haraka, usinyamaze

Ukilipa yote kimyakimya, unaweza kuonekana umekubali. Ukinyamaza, deni linaweza kupelekwa kwa wakusanya madeni au kuandikwa kwenye kumbukumbu zako za mikopo. Njia ni katikati: ndani ya siku chache jibu kwa maandishi kwamba umeipokea, unaipinga, na unaomba nyaraka. Ankara nyingi hutaja muda wa kupinga, kwa hiyo utafute, uuandike kwenye kalenda, na usiupitishe hata kama bado hujakusanya kila kitu.

Kama uliwapa kampuni ruhusa ya kukata fedha moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki, soma inasema nini. Baadhi ya mikataba inawaruhusu kukata gharama za mwisho wa mkataba pia. Kabla ya kuzuia ruhusa hiyo hakikisha hakuna malipo ya mwezi yaliyobaki, maana ukikosa malipo halali umeharibu kesi nzuri kwa mikono yako mwenyewe.

Nyaraka za kuomba ni hizi: ripoti kamili ya ukaguzi yenye tarehe, saa, mahali na kilomita, picha zote kwa ukubwa wake wa awali, si zile ndogo zilizobanwa kwenye ripoti, vigezo vya uchakavu walivyotumia, mchanganuo wa gharama ya kila kipengele, na nakala ya fomu ya makabidhiano waliyo nayo wao. Kampuni ikishindwa kutoa picha ya kitu inachokitoza, mstari huo umekaribia kufa.

Pitia mstari kwa mstari

Tengeneza jedwali rahisi. Upande mmoja weka kipengele na kiasi, unaofuata kigezo cha mkataba, unaofuata ushahidi wao, unaofuata ushahidi wako, na mwisho msimamo wako: nakubali, napinga chote, au napinga kiasi. Kubali vile vilivyo wazi. Anayepinga kila kitu, pamoja na bampa lililopasuka ambalo kila mtu analiona, husomwa kama mtu wa kelele, na hoja zake nzuri huzama pamoja na mbaya.

Kwanza linganisha kilomita. Odomita kwenye fomu ya makabidhiano ikisoma namba moja na ripoti ya ukaguzi ikisoma namba kubwa zaidi, gari limeendeshwa baada ya wewe kulitoa. Umbali mfupi wa kwenda yadi unaelezeka. Hata hivyo unathibitisha kwamba gari lilikuwa mikononi mwa mwingine, na uharibifu ambao haumo kwenye fomu iliyosainiwa una maelezo mengine mbali na wewe. Tazama pia siku ngapi zimepita kati ya makabidhiano na ukaguzi.

Kisha zitazame picha zao kwa jicho la ubishi. Picha ya mkwaruzo isiyo na rula haithibitishi urefu. "Mkwaruzo" mwingine ni mwangaza wa taa za yadi ukiakisi kwenye rangi, au ni mstari wa tope. Picha ya karibu sana isiyoonyesha ni mlango upi, au hata ni gari lipi, nayo ihoji. Kosa la kuchanganya kushoto na kulia hutokea, na vilevile rimu moja kupigwa picha mara mbili kwa pembe tofauti na kutozwa kama mbili. Geuza picha, tazama mahali valvu ya upepo ilipo na umbo la mparuzo, utajua.

Tairi zina sheria yake. Usichanganye kiwango cha chini cha barabarani na kiwango cha mkataba. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya sheria inadai kashata yenye kina cha angalau milimita 1.6 kwa magari madogo, lakini mkataba unaweza kudai zaidi. Kama ulikuwa juu ya kiwango cha mkataba, hudaiwi. Kama ulikuwa chini, hoja yako inahamia kwenye bei: kwa nini ulipie tairi jipya kabisa wakati mkataba uliruhusu urudishe lililokwisha nusu?

Swali la bei, ambalo watu hulisahau

Watu hubishana juu ya kama mkwaruzo upo, wakishindwa wanalipa kiasi chote. Hapa ndipo ninapoona fedha nyingi zinapotea bila sababu. Hata uharibifu wa kweli, uliozidi vipimo, unaweza kuwa umetozwa vibaya.

Angalia njia ya matengenezo iliyochaguliwa. Kama wametoza kupaka mlango mzima kwa mkwaruzo ambao polishi ingeutoa, au rimu mpya kwa mparuzo ambao fundi angeulainisha na kuupaka, leta makadirio ya maandishi kutoka gereji mbili zilizopiga hesabu kwa picha zilezile. Makadirio hayo yana uzito kuliko maneno yako.

Angalia kutoza mara mbili. Bampa likiwa na mikwaruzo mitatu hupakwa rangi mara moja. Ukiona mistari mitatu ya kupaka bampa hilohilo, miwili ifutwe. Vilevile mkwaruzo na mbonyeo kwenye mlango mmoja huishia kwenye kazi moja ya rangi.

Soma mkataba wako unadai nini: gharama ya matengenezo, au kupungua kwa thamani ya gari? Ni vitu viwili tofauti. Mkataba ukizungumzia gharama halisi ya matengenezo, omba uthibitisho kwamba yalifanyika, kwa sababu kampuni nyingi huuza gari mnadani kama lilivyo. Mkataba ukizungumzia kupungua kwa thamani, hoja ya "hamkulitengeneza" haitakusaidia, lakini unapata nyingine: gari la miaka mitatu lenye kilomita nyingi halipungui thamani kwa gharama nzima ya kulirudisha liwe kama jipya. Na kodi nayo itazame. Ujerumani, kwa mfano, mahakama ya juu ya shirikisho iliamua mwaka 2011 kwamba fidia ya kupungua kwa thamani ya gari lililorudishwa mwisho wa mkataba haiwekewi kodi ya ongezeko la thamani, kwa kuwa ni fidia na si malipo ya huduma. Nchi yako inaweza kuwa na msimamo wake, ila kuuliza "kodi hii mmeiweka kwa msingi gani?" hakugharimu kitu.

Andika barua

Iwe fupi, kavu, yenye namba. Hasira zako zimwagie rafiki. Mfano:

*Kwa kitengo cha marejesho ya magari,*

*Nimepokea ankara yenu namba … ya tarehe … kuhusu gari lenye usajili …. Nakubali kipengele cha 2, rimu ya mbele kulia, na nitalipa kiasi chake. Napinga vifuatavyo.*

*Kipengele cha 1, mkwaruzo wa mlango wa nyuma kushoto: picha yenu haina kipimo. Picha yangu ya siku ya makabidhiano, yenye rula, inaonyesha milimita 18, na rangi ya msingi haijaonekana. Vigezo vyenu, ukurasa wa …, vinaruhusu hadi milimita 25. Naomba kifutwe.*

*Kipengele cha 3, mbonyeo wa boneti: haumo kwenye fomu iliyosainiwa na dereva wenu tarehe …. Odomita kwenye fomu ni …, kwenye ripoti yenu ni …. Naomba kifutwe.*

*Kipengele cha 4, bampa la nyuma: mmetoza kupaka rangi mara mbili kwa bampa moja. Naomba kibaki kimoja.*

*Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Wakati madai haya yanapingwa, naomba msikate fedha kwenye akaunti yangu wala msipeleke taarifa ya deni kwa taasisi yoyote. Msipokubali, nitumieni jibu lenu la mwisho pamoja na maelezo ya mahali pa kupeleka lalamiko.*

Ambatanisha picha zilizopewa namba zinazolingana na barua. Ukipigiwa simu, pokea kwa adabu, kisha tuma barua pepe ya mistari miwili: "Kama tulivyozungumza leo, mmesema…" Yasiyoandikwa yatasahauliwa, na si na wewe.

Kuna uwezekano wakakujibu kwa ofa: lipa nusu, tumalize. Ipime kwa jedwali lako, si kwa uchovu wako. Kama vipengele unavyokubali vinafika nusu, chukua. Kama ulikubali rimu moja tu, rudisha ofa yako pamoja na hesabu. Ukiwa unafikiria kuchukua gari lingine kwao, sema. Idara ya mauzo ina sauti ambayo idara ya madai haina.

Wakikataa kabisa

Baadhi ya mikataba na miongozo inaruhusu mtaalamu huru wa magari kutoa uamuzi. Uliza mapema nani anamlipa, kama uamuzi unazifunga pande zote, na gari liko wapi sasa. Likishauzwa, mtaalamu atategemea picha, na ukosefu wa picha nzuri unaumiza zaidi upande unaodai. Ndiyo maana barua yako ya kwanza ifike mapema na iombe gari lisiuzwe kabla ya ukaguzi wa pili.

Juu yake kuna msuluhishi wa huduma za fedha au mamlaka ya kulinda walaji. Uingereza, lalamiko la mtu binafsi kuhusu mkataba unaosimamiwa kisheria linaweza kupelekwa bure kwa Financial Ombudsman Service baada ya jibu la mwisho la kampuni, au wiki nane zikipita bila jibu, na una miezi sita tangu jibu hilo. Kwingine utakuta ofisi za namna hiyo kwenye benki kuu, kwenye mamlaka ya ushindani, au kwenye mahakama ndogo za madai ambazo hazihitaji wakili. Peleka jedwali, barua, picha na majibu yao kwa mpangilio wa tarehe. Anayesoma mafaili mengi kwa siku humshukuru aliyempa faili lisilomtafutisha.

Kama gari limekodiwa kwa jina la kampuni unayofanyia kazi, mambo hubadilika. Ulinzi wa walaji mara nyingi haukufikii, na mwajiri anaweza kukukata mshahara. Muombe mwajiri akupe ripoti na picha zote kabla ya kukata chochote, na umsihi apinge yeye, maana mkataba ni wake.

Mkikubaliana, kiasi chochote kile, usilipe kabla ya kupata maandishi yanayosema kwamba malipo hayo yanamaliza madai yote ya mkataba huo, ukitajwa kwa namba yake, na kwamba ankara ya awali imefutwa. Lipa kwa njia inayoacha alama, omba taarifa ya akaunti inayosoma sifuri, kisha funga ruhusa ya kukata benki. Baada ya mwezi mmoja au miwili angalia kumbukumbu zako za mikopo, na ukikuta deni lile bado limeandikwa, barua ile ya makubaliano ndiyo ya kupeleka.